Mwaka wa Kompresa ya Osiri

Tulimzika Fundi Okelo nyumbani kwake Rangwe, siku ya manyunyu, na nilipofika chini ya turubai kitu cha kwanza nilichofanya ni kukagua nani amekuja. Ni tabia niliyoipata kazini. Ukitengeneza friji za watu kwa miaka mingi unazoea kuingia mahali ukiangalia kwanza mikono ya watu, kisha mifuko yao, kisha mlango. Katika mstari wa mwisho wa viti vya plastiki nikamwona Marwa. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na tumbo limejitokeza kidogo, lakini alikuwa amekaa vilevile, mgongo wima na mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa ndani ya ofisi. Wengine wangefurahi. Mimi nilijiuliza amefuata nini. Yule maiti ndiye aliyemfukuza kazi kama mwizi, na tangu siku hiyo sikuwahi kusikia kwamba amekanyaga Homa Bay. Mchungaji alipokuwa akisoma, mimi nilikuwa tayari niko mbali, kwenye ule mwaka tuliotumwa Osiri kufufua mashine ya soda.

Karakana ya Okelo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka ya Homa Bay, ukuta mmoja wa matofali na tatu za mabati. Ndani palinuka gesi, mafuta ya kompresa na samaki, kwa sababu nusu ya wateja wetu walikuwa wauza samaki wenye friza zilizochoka. Nilikuwa nimetoka tu chuo cha ufundi na nilikuwa mwanamke pekee pale. Mteja akiingia alinipa salamu kisha akauliza fundi yuko wapi. Marwa alikuwa amenitangulia kwa mwaka mmoja hivi. Alitoka upande wa Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania, na Kidholuo chake kilikuwa cha kuokota sokoni, kwa hivyo sisi wawili tulizungumza Kiswahili. Mchana tulikula nyoyo kwenye sufuria moja, mahindi na maharagwe, mara nyingine na parachichi, na Okelo alikaa mlangoni akituambia maneno yale yale: "Fundi wa friji anaishi kwa jina. Watu hawajui kilicho ndani ya kompresa. Wanajua tu kama wanakuamini." Wakati huo niliyachukua kama mahubiri ya mzee. Leo nina karakana yangu mwenyewe na najua alikuwa akiongea kwa woga. Kila mtu mjini alikuwa na hadithi ya fundi aliyechukua kompresa nzima na kurudisha mbovu, na Okelo alilala akiota siku ambayo hadithi hiyo itatajwa pamoja na jina lake.

Kazi ya Osiri, kule machimbo ya dhahabu ya Migori, ililetwa na mama mmoja mrefu, amefunga kitambaa cheusi kichwani, anaitwa Mama Seline. Alikuwa na hoteli ya kuwapikia wachimbaji wa dhahabu. Watu fulani wageni waliokuja kupima miamba walikuwa wamefunga kambi yao na kuondoka, wakaacha mashine ya kuuza soda, zile za kutumbukiza sarafu kinywaji kikaanguka chini. Yeye aliinunua pamoja na vitanda na masufuria. Mambo ya sarafu hayakumhusu, mlango angeufungua kwa ufunguo na kuuza mwenyewe. Alitaka baridi tu. Osiri jua linachoma, vumbi la mawe linaingia mpaka kooni, na mtu anayetoka shimoni hajali soda ni ya rangi gani mradi iwe baridi. Okelo alimwambia ailete Homa Bay. Mama Seline akatikisa kichwa. "Ikitoka kwangu itarudi ganda tupu," akasema, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mtakuja nyinyi. Mtalala kwangu, mtakula kwangu, na mimi nitawaona."

Basi tukaenda, mimi na Marwa, na mtungi wa gesi na mikoba miwili ya vifaa. Mimi nilipewa chumba kilichogawanywa na jikoni kwa mabati tu, Marwa akapewa kingine upande wa ghala. Sijawahi kukaa mahali ambapo watu walitazamana vile. Dhahabu ni kitu kidogo, inaingia kwenye ukucha, kwa hivyo kila mtu alikuwa akipimwa kwa macho. Mchimbaji akikohoa, wenzake walitazama kama amemeza kitu. Tulipoingia kula, mazungumzo yalikatika. Mpishi, mama mmoja mcheshi aliyeitwa Nyaseme, alituwekea ugali, dagaa wa omena na mboga chungu ya osuga, na wanaume walitafuna kimya mpaka tuondoke. Lakini mabati hayazuii kitu. Nikiwa chumbani nikipumzika baada ya chakula niliwasikia vizuri.

"Hao si mafundi wa friji."

"Kwa nini?"

"Umeona wapi mwanamke fundi wa friji? Hao ni askari. Wametumwa."

"Acha hizo. Shida ni ile kabati yenyewe. Seline hawezi kumwaga pesa yote hiyo kwa soda baridi. Ile ni sefu, omera. Anaweka dhahabu mle."

Nilimweleza Marwa, tukacheka. Lakini niliona kwamba tangu hapo alianza kuufunga mkoba wake na kamba.

Mashine ilikuwa ndani ya ghala la unga, ndefu kuliko Marwa, rangi yake nyekundu imepauka ikawa kama tofali. Mama Seline aliweka kigoda mlangoni akaketi hapo akimenya njugu, na kila tulipotoka alitazama mikono yetu. Waya wa nyuma panya walikuwa wameukata. Kompresa ilikuwa imesimama miaka mingi na kukwama. Tulipoipa umeme ilinguruma kwa uchungu, kisha kile kifaa cha kuilinda kikakata: tik. Tukangoja ipoe, tukajaribu tena. Mm, tik. Nikazipima nyaya za ndani kwa mita nikaona ziko hai. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu kompresa iliyoungua ni chuma chakavu, lakini iliyokwama ni kama mtu aliyelala vibaya, inawezekana kumwamsha. Tukaifungia kapasita kubwa ya kuipa nguvu ya kuanzia, Marwa akawa anaigonga ubavuni taratibu kwa nyundo ndogo huku mimi nikiwasha na kuzima. Tulifanya hivyo mpaka mikono ikauma. Halafu, nikiwa nimeshaanza kufikiria jinsi ya kumwambia Okelo kwamba imeshindikana, ilishtuka, ikatingisha kabati lote, ikaanza kuzunguka. Mama Seline alisimama, njugu zikamwagika. Marwa alinitazama na kicheko usoni ambacho sijakiona kwa mtu mzima tena. Tulikuwa vijana, na tulikuwa tumeamsha mfu.

Wiki ile Mama Seline alipata msiba kwao Karungu, akalazimika kutuacha. Alipotupa ufunguo wa ghala aliushika kidogo kabla ya kuuachilia. Siku ya kwanza mimi nilishuka Migori mjini kutafuta gesi ya kuongezea, Marwa akabaki peke yake, akaikwangua kompresa kutu na kuipaka rangi nyeusi ili isiendelee kuliwa. Siku iliyofuata ilikuwa siku ya soko Ogwedhi, Marwa akaenda kumwona mjomba wake anayeuza ng'ombe, nikabaki mimi, nikachomelea bomba lililokuwa likivuja. Mama Seline aliporudi alikuta mashine inakoroma vizuri na chupa zimetoka jasho la baridi. Alifungua moja, akanywa, akasema, "Haya." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Tukarudi Homa Bay tukiimba.

Haikupita muda akapiga simu. Imekufa. Tukaenda, tukafika Jumapili watu wakiwa kanisani, tukaiwasha, ikawaka mara moja. Tukaonekana wajinga. Tukarudi. Akapiga tena. Safari hiyo alikuwa akitungoja barabarani. "Mkija inawaka, mkiondoka inazima. Mmeiwekea nini?" Marwa akamwambia kwa heshima, "Mama, hatujaweka kitu." Akajibu, "Basi mmetoa." Mara ya tatu hakutuita sisi. Aliita fundi kutoka Migori mjini. Huyo alifungua nyuma, akamulika tochi, akaona rangi mpya, akasema neno ambalo fundi yeyote mwenye njaa ya kazi angelisema: "Hii kompresa si ya mashine hii. Wamekubadilishia."

Mama Seline alikuja Homa Bay mwenyewe. Alisimama katikati ya karakana, wateja wawili wa samaki wakisikia, akasema kila kitu kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo iliyotuua. Okelo alibadilika rangi. "Nani alibaki peke yake na hiyo mashine?" akauliza. Mama Seline alielekeza kidole kwa Marwa. "Huyu. Na ndiye aliyepaka rangi. Mtu anapaka rangi kitu ambacho anataka kisijulikane." Nilisema haraka kwamba rangi ilikuwa ya kuzuia kutu, kwamba hata mimi nilibaki na mashine peke yangu siku iliyofuata. Okelo hakunisikia, au alisikia asitake. Nadhani alikuwa ameshachagua. Marwa alikuwa mgeni, hakuwa na shangazi katika mji huo wa kuja kupiga kelele mlangoni. "Marwa, useme ukweli," Okelo akasema.

Marwa alinitazama. Alinitazama kwa muda, kisha akatazama chini. "Mimi sijachukua," akasema. "Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Basi acha vifaa vyangu hapo uende. Hapa si pango la wezi."

Akaenda. Sufuria ya nyoyo ilikuwa juu ya meza na hakuna aliyeigusa siku hiyo. Baada ya hapo sikukaa kwa amani katika chumba kile. Nilimshuku Okelo kwamba anajua zaidi. Nilimshuku fundi wa Migori. Nilianza hata kufikiri Mama Seline alikuwa na kompresa nyingine mahali na ametuchezea. Mtu mmoja tu sikumshuku, kwa sababu nilikuwepo ile kompresa iliposhtuka, na niliuona uso wake. Lakini uso wa mtu si ushahidi wa kupeleka mbele ya mwenye karakana.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda kwenda Osiri bila kumwambia Okelo. Mama Seline hakutaka kunifungulia. Nikamwomba kitu kimoja: anifungie ndani ya ghala na hiyo mashine, kwa kufuli, kuanzia asubuhi, bila mkoba, na mita peke yake, na jioni anipekue. Wazo la kupekua lilimridhisha. Akapitisha mikono kwenye nguo zangu hata kabla sijaingia, akafunga, nikasikia akijaribu kufuli mara mbili kutoka nje.

Kwanza nilipiga magoti nyuma nikatazama kompresa. Ilikuwa ile ile. Ubavuni palikuwa na alama ya nyundo ya Marwa chini ya rangi, na bomba lilikuwa na mshono wangu, mbaya upande mmoja pale mkono wangu ulipotetemeka. Mshono wa fundi ni kama mwandiko wake, siwezi kuukosea. Lakini nani angeniamini kwa hilo? Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watuhumiwa. Nikaiwasha, ikawaka bila shida. Nikakaa juu ya gunia la unga nikangoja. Nyaseme alinipitishia chai na mandazi kwa dirisha dogo la nondo, akaninong'oneza, "Wanasema umefungwa." Nikamwambia ni kweli. Upande wa pili wa mabati wachimbaji walikuwa wakinywa chai na kubishana kama mimi ni mwizi au askari, na mmoja akasema huenda ni vyote viwili.

Jua lilipopanda, krasha ya kusaga mawe ya dhahabu ng'ambo ya barabara ikaanza. Kwanza ule mngurumo, halafu ardhi ikitetemeka chini ya miguu. Na balbu ya ghala, ambayo sikuwa hata nimeiangalia, ikafifia ikawa kama kaa la moto linalozimika. Mashine ya soda ikasimama. Ikajaribu. Mm, tik. Nikaruka kwenye soketi na mita yangu. Umeme ulikuwa umeshuka vibaya sana, hata redio ingeugua. Krasha iliposimama kupakiwa mawe mengine, balbu ikang'aa, na baada ya kupoa mashine ikawaka yenyewe. Nikakaa chini sakafuni. Jumapili tulikuja krasha imefungwa. Siku zile Mama Seline alipokuwa Karungu krasha ilikuwa imeharibika mkanda, nikakumbuka wachimbaji walivyokuwa wakilalamika upande wa pili wa mabati. Hakukuwa na mwizi. Hakujawahi kuwa na mwizi.

Nilipiga mlango mpaka Mama Seline akafungua. Sikumweleza, nilimwambia tu atazame balbu. Akasimama pale, mikono kiunoni, krasha ikaanza, balbu ikafifia, mashine ikafa. Krasha ikasimama, balbu ikarudi. Tukamwomba mwenye krasha awashe na kuzima tukiwa tunatazama, na alifanya hivyo akitukasirikia. Mwishowe Mama Seline akaketi kwenye kigoda chake. Nilidhani atasema jambo kuhusu Marwa. Alisema, "Kwa hivyo ni yule jirani. Alijua. Amekuwa akinifanyia makusudi." Nikamtazama nikachoka. Shaka yake haikuwa imekufa, ilikuwa imevuka barabara.

Okelo alinisikiliza akiwa ameinama juu ya friza ya mtu. Baadaye alitafuta kifaa cha kusawazisha umeme akanipa nikampelekee Mama Seline, na mashine ile ikafanya kazi miaka mingi. Kuhusu Marwa alisema, "Mwambie arudi," kama anayemtuma mtu dukani. Simu ya Marwa ilikuwa haipatikani. Nikaenda Ogwedhi siku ya soko, nikapita katikati ya ng'ombe na mavumbi na wanaume waliokuwa wakipiga kelele za bei kwa lugha tatu, nikamkuta akipandisha mafahali kwenye lori, shati limeraruka begani. Nikamweleza yote: balbu, krasha, kufuli. Kwamba kompresa ni ile ile, kwamba hakuna mtu aliyechukua kitu.

Alisimama akinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nilitarajia hasira, au machozi. Alionekana kama mtu aliyewekewa mzigo mwingine. "Hakuna mtu aliyechukua?" akauliza. "Hakuna," nikasema. "Hata wewe?" Nikadhani ananitania. "Hata mimi." Akatikisa kichwa polepole. "Sawa, dada. Umefanya vizuri kuja." Nikamwambia Okelo anamwita. Akasema mjomba wake anamhitaji, akageuka, akampiga fahali mgongoni. Nilirudi nyumbani nimeumia. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikifikiri alinichukia kwa sababu nilichelewa kulitafuta jibu.

Chini ya turubai Rangwe, baada ya maziko, tulipangwa kula. Nilichukua sahani ya ugali na nyama, nikaenda nikaketi karibu naye kabla sijabadilisha mawazo. Alinisalimia kwa jina langu, "Akoth," kama watu tulioachana jana. Alikuwa na ng'ombe wake sasa, na watoto wakubwa. Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini amekuja kumzika mtu aliyemwita mwizi mbele za watu.

"Alinifundisha kazi," akasema. "Na nilitaka kukuona wewe. Kuna kitu sikukwambia."

Akaosha mikono yake taratibu, akakausha kwa leso.

"Ile siku niliyotoka Ogwedhi, kabla Mama Seline hajarudi. Nilipofika Osiri nilikuona barabarani ukifunga gunia nyuma ya bodaboda. Kitu cha mviringo, kizito. Ulikuwa unaangalia kushoto na kulia. Sikuuliza. Lakini yule mama aliposema kompresa imebadilishwa, mimi nilijua ni wewe."

Niliweka sahani chini. "Ulidhani ni mimi?"

"Sikudhani. Nilijua. Mpaka ulipokuja sokoni kuniambia hakuna aliyeiba, ndipo nikajua kwamba sikujua." Alitabasamu kidogo. "Siku ile sokoni ulipoondoka nilikutazama ukikata kona nikaona aibu. Nikashindwa kurudi kufanya kazi na mtu niliyemwita mwizi moyoni muda huo wote."

Watu walipita na beseni za maji, wakatupita. Niliwaza karakana siku ile, Okelo akisema useme ukweli, na Marwa akinitazama kabla ya kutazama chini. Neno moja kutoka kinywani mwake, na Mama Seline angenigeukia mimi, na Osiri wanaume walikuwa wakimchoma mtu kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningetaja nini? Sikuona kompresa. Niliona gunia. Ningewapa gunia, wangejaza wenyewe."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya turubai na vijana walikuwa wakisukuma maji yaliyojaa kwa fimbo.

"Kwani kilikuwa nini?" akauliza mwishowe.

"Boga," nikasema. "Nyaseme alinipa boga kubwa, akanionya nilitume nyumbani haraka, Mama Seline asijue kwamba limetoka jikoni kwake."

Marwa alinitazama usoni. Nilimwona akilipima lile boga, uzito wake, umbo lake, na mimi niliyelibeba. Kisha akavuta kiti chake karibu, akanisogezea bakuli la mchuzi, tukaendelea kula.